Ezell Amewatuma

Kila mtalii aliyepanda gari la kukokotwa la Ezell Gethers alishuka na swali lilelile. Angeweza kuwazungusha mitaa yote ya zamani ya mji wa Charleston, kusini mwa Marekani, akawaonyesha majumba yenye nguzo nyeupe na bustani zilizojificha nyuma ya malango ya chuma, akasimamisha gari mbele ya ukuta fulani na kuwaonyesha tofali lenye alama za vidole vya mtoto wa kitumwa aliyelishika likiwa bado bichi. Hapo kwenye tofali wengine walitokwa na machozi. Lakini gari likisimama tu pale mwisho wa soko, machozi yanakauka, baba anashika tumbo, na mmoja wao anauliza:

"Sasa mzee, tunakula wapi?"

Ezell hujibu bila haraka, huku anakunja hatamu.

"Inategemea. Mkitaka vitambaa vyeupe mezani na sahani kubwa yenye chakula kidogo katikati, shukeni huku bandarini, hata mkifumba macho hamtakosa. Mkitaka kamba kwa uji mzito wa mahindi, kila mlango unao, na kila mwenye mlango atawaapia kwamba wa kwake ndio wenyewe. Lakini mkitaka kula, nasema kula, basi pandeni juu. Piteni hospitali, piteni kanisa la matofali mekundu. Mkifika mtaa wa Line mtaona nyumba ya mbao ya kijani, imeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo. Haina kibao. Madirisha yanatoka jasho. Ingieni hapo. Bamia zimeshafika siku hizi, ombeni supu ya bamia. Na wali mwekundu. Msitoke bila kula wali mwekundu. Mwambieni Bi Leola kwamba Ezell amewatuma."

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni hakushuka upesi kama wenzake. Alimtazama Ezell usoni.

"Na wewe ukienda pale unapenda kula nini?"

Ezell akaivuta kofia mbele kidogo.

"Mimi? Mimi huwa niko kazini, mama."

Ulikuwa ukweli, ila ukweli mfupi, kama shuka isiyofika miguuni. Ukweli mzima ni kwamba Ezell hajawahi kuingia katika nyumba ile. Miaka yote tangu Leola Mazyck afungue mlango wake, Ezell amemjazia meza kwa watu wa kila lugha, na yeye mwenyewe hajawahi kuonja hata punje.

Ezell alizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Baba yake alibeba mizigo gatini, na yeye akaingia kiwanda cha meli za jeshi akiwa bado kijana asiye na ndevu. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wakahamia kwingine. Yeye alikuwa na mke, Arnetta, ambaye hakutaka kusikia habari ya kuondoka. "Nani atapika wali wa kanisa?" alisema, na habari ikaishia hapo. Basi Ezell akaenda kuomba kazi kwenye banda la magari ya watalii. Walimpa hatamu na baghala mmoja mkaidi, mtoto wa punda na farasi mwenye ukali wa pande zote mbili, jina lake Shemasi. Dereva yeyote mwingine akimshika, Shemasi husimama katikati ya barabara akatafakari. Kwa Ezell alitembea.

Arnetta alimpenda mumewe, lakini harufu ya Shemasi hakuipenda. Ezell akirudi kazini alivua viatu nje, akavua suruali kwenye kibaraza cha nyuma, akamwagiwa maji hapohapo kama mtoto. "Uingie hivyo kwenye nyumba yenye chakula?" Arnetta alimwambia, huku anacheka na kumsugua shingo kwa sabuni. Kwa miaka mingi ndivyo Ezell alivyoingia nyumbani kwake, kwa mlango wa nyuma, amelowa. Arnetta alipofariki aliendelea kuoga kibarazani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumkataza kuingia.

Sasa lile jambo la Leola. Katika kanisa lao, kila mwaka kuna Jumapili ya kuadhimisha siku kanisa lilipoanzishwa, na baada ya ibada watu hula pamoja katika ukumbi wa nyuma. Wanawake hupanga trei zao juu ya meza ndefu, na kila mmoja husimama nyuma ya trei yake na mwiko mkononi. Hakuna anayekula hivihivi. Wazee hutangulia kwenye foleni, na katika kila trei wanauliza, "Hiki kimepikwa na nani?" Wakiujua mkono, wananyoosha sahani. Wasipoujua, wanatabasamu, wanasema Mungu akubariki dada, na wanapita. Hakuna tusi linalotamkwa. Lakini jioni trei inarudi nyumbani imejaa, na mwenyewe anaibeba mbele ya watu.

Mwaka ule Leola alikuwa mgeni. Alikuwa ametoka kisiwa cha Wadmalaw, mjane, amekuja mjini kukaa na mtoto wa ndugu yake. Alileta wali mwekundu. Labda hakuambiwa na mtu kwamba wali mwekundu wa kanisa lile ulikuwa wa Arnetta, na kwamba tangu Arnetta azikwe, mahali pake mezani palikuwa pameachwa wazi. Leola alipoona nafasi tupu kati ya kuku na maharage, akaweka trei yake. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Ezell. Mume wa marehemu ndiye angeamua.

Ezell hakujua kwamba anaamua chochote. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado amevaa viatu vya bandani, na Lucius Smalls, dereva mwenzake ambaye mdomo wake haujawahi kulala, alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Mzee, umekuja na Shemasi?" Lucius akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mwambie asubiri nje, hapa kuna chakula."

Watu wakacheka. Ezell akahisi shingo inawaka. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa aproni nyeupe kama karatasi, mwiko umeinuliwa, uso umefunguka kabisa, anamtazama kama anayeanza kutabasamu. Na Ezell akamsikia Arnetta sikioni: uingie hivyo kwenye nyumba yenye chakula? Akaona aibu kusimama na harufu ile juu ya chakula cha watu. Akainamisha kichwa, akapita haraka.

Waliokuwa nyuma yake waliona kitu kimoja tu. Ezell Gethers, mume wa Arnetta, hakutaka wali wa yule mwanamke. Nao wakapita. Mungu akubariki dada. Mungu akubariki dada.

Ezell alikuja kujua alichofanya alipokuwa anatoka mlangoni. Leola alikuwa mbele yake anashuka ngazi, amebeba trei kwa mikono miwili. Wali ulikuwa umesawazishwa vilevile alivyokuja nao.

Tangu siku hiyo Leola alikaa kiti cha nyuma kanisani na hakuleta tena hata kijiko cha chakula. Alipofungua mgahawa wake mdogo katika vyumba vya mbele vya nyumba ya kijani, watu wa kanisa walisubiri kuona Ezell atafanya nini. Ezell naye alifanya alichoweza. Aliwatuma wageni. Na mara moja, siku ya mapumziko, alioga mara mbili kwa ndimu na sabuni, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwa miguu mpaka kwenye ngazi za nyumba ile. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kisha akanusa mkono wake. Shemasi alikuwepo. Labda kwenye shati, labda kwenye ngozi yenyewe. Akarudi nyumbani akala mkate na siagi.

Basi mwaka huu, wiki moja kabla ya sherehe ya kanisa, Ezell alikuwa anamnywesha Shemasi maji pale mwisho wa soko alipomwona Tavia anakuja na kigari cha mtoto. Tavia ndiye yule mtoto wa ndugu yake Leola, na ndiye anayehudumia meza. Mwanawe, Micah, alikuwa anaota meno, ametafuna kamba ya kofia yake mpaka imelowa.

"Shikamoo, mzee wa kutuma watu," Tavia akasema. "Jana umetutumia Wajerumani. Wamemaliza supu ya bamia yote, mmoja akaomba na sufuria."

"Marahaba. Na wali?"

"Wali umeisha kabla ya saa sita. Shangazi anakuuliza, hivi wewe unawapata wapi watu wenye njaa hivyo?"

"Nawazungusha kwanza," Ezell akasema. "Mpaka walainike."

Tavia akacheka, halafu akaacha kucheka. Akainama kumfuta Micah mate.

"Mzee, shangazi anapika kwa ajili ya Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii ya kanisa. Mke wa mchungaji amemwomba mpaka amekubali. Anapika wali uleule." Tavia akaendelea kumfuta mtoto mahali ambapo palikuwa pameshakauka. "Ameniambia, 'Tavia, trei ikirudi imejaa, mimi narudi Wadmalaw. Nafunga na mlango.' Nikamwambia, shangazi, meza zimejaa kila siku! Akasema, 'Wale ni wapita njia. Hawajui hata kuuliza nani amepika. Nataka chakula changu kiliwe na watu wanaouliza.'"

Shemasi aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo, maji yakimdondoka mdomoni.

"Mimi sijui ulipita kwa nini mwaka ule," Tavia akasema polepole. "Na sikuulizi. Ila yeye kila siku jioni anabakiza sahani moja, anaifunika. Nikimuuliza ya nani, anasema ya mwenye kutuma watu, akitokea. Halafu tunaila sisi, imepoa."

Akasukuma kigari chake akaenda.

Ezell alijipanga kwa Jumapili ile kama bwana harusi. Aliomba ruhusa asifanye kazi. Alitoa suti ya kijivu akaianika kibarazani tangu Alhamisi ipigwe na upepo. Viatu vyeusi alivipaka rangi mpaka akajiona ndani yake. Jumapili yenyewe alioga, akapumzika, akaoga tena. Alijipaka yale manukato ambayo Arnetta alimnunulia na hayakuwahi kuisha. Akajinusa mkono wa kulia, akajinusa wa kushoto. Hakuna kitu. Alikuwa ananuka kama duka.

Akiwa anafunga tai, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa banda, sauti yake imepanda juu.

"Ezell, nisaidie. Kuna harusi. Dereva ameteguka mguu, mabaghala wengine wote wako barabarani, amebaki Shemasi. Nimempa kijana mwingine, amemfikisha kwenye kona, Shemasi amesimama."

"Anatafakari," Ezell akasema.

"Bi harusi yuko mlangoni mwa kanisa analia, Ezell. Ni mtaa mmoja tu. Umpeleke mpaka hotelini, basi."

Angesema hapana angeeleweka. Lakini Ezell alikuwa mtu ambaye hawezi kumwacha binti wa watu analia na shela kichwani. Aliangalia saa. Ibada ya alasiri ilikuwa haijaanza. Akavaa koti la banda juu ya suti, akaenda.

Alipomgusa tu shingo, Shemasi akaanza kutembea kana kwamba hakuna lililotokea. Bi harusi alipandishwa, shela likakusanywa, watu wakapiga makofi. Ezell alikuwa amesimama kando ya baghala, ameshika hatamu, akiwasubiri wapiga picha wamalize. Na Shemasi, ambaye alikuwa amekaa muda mrefu pale kwenye kona na mawazo yake, akapanua miguu ya nyuma, akashusha pumzi, akakojoa.

Baghala hakojoi kidogo. Mkojo ulipiga mawe ya barabarani ukaruka, ukampata Ezell kuanzia kwenye viatu vyake vyeusi mpaka magotini. Bi harusi alicheka mpaka machozi yakabadilika sababu. Ezell akachukua kile kibendera kidogo ambacho madereva hukidondosha mahali kama hapo, ili gari la maji lije lioshe, akakitupa chini bila kuangalia. Alitamani na yeye angeweza kudondoshewa kibendera, waje wamwoshe.

Alipomfikisha bi harusi hotelini na kumrudisha Shemasi bandani, ibada ilikuwa imekwisha. Alilijua hilo kwa jua. Sasa watu wangekuwa wanaingia ukumbini, wanaombea chakula, wazee wanapanga foleni. Nyumbani kwake kulikuwa upande mmoja na kanisa upande mwingine. Akienda nyumbani akaoge, akabadilishe, atafika ukumbini watu wanachokoa meno kwa vijiti. Akasimama kwenye lango la banda. Suruali ilikuwa imeanza kukauka, na ikikauka ndiyo inazidi.

"Shemasi," akasema kwa sauti ndogo, "umenimaliza."

Shemasi alikuwa anakula majani.

Ezell akageuka, akashika njia ya kanisani. Mwanzoni alitembea, halafu akakimbia, mzee mzima na tai yake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Trei zilikuwa zimepangwa mwanzo mpaka mwisho wa meza, kuku, samaki wa kukaanga, makaroni, sukuma wiki, maharage, mikate ya mahindi. Katikati, mahali palepale pa zamani, alisimama Leola na aproni nyeupe. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni tangu mwaka ule. Mwiko alikuwa ameushika chini sasa, si juu. Wazee wanne watano walikuwa wameshapita. Wali ulikuwa umesawazishwa bila alama hata ya kijiko. Kando ya ukuta Tavia alisimama amempakata Micah, na macho yake yalikuwa mekundu tayari.

Ezell hakwenda nyuma ya foleni. Alikata katikati ya ukumbi, akachukua sahani, akajipenyeza mbele ya watu wazima kama mtoto asiye na adabu.

"Ezell Gethers!" akaita Mama Drayton, bibi mkubwa kuliko wote kanisani. "Tangu lini foleni imekuwa si ya kwako?"

"Nisamehe, Mama. Nitarudi nyuma baadaye."

"Jamani, hewa!" akasema Lucius kutoka nyuma, ameziba pua. "Nani kaleta zizi?"

Wengine wakaguna, wengine wakacheka, na watu wakajisogeza, hivi kwamba Ezell akabaki peke yake mbele ya trei. Shingo iliwaka kama mwaka ule. Lakini safari hii miguu yake ilikaa.

"Hiki kimepikwa na nani?" akauliza.

Leola akauinua mwiko.

"Huoni aliyeshika mwiko?"

"Namwona. Nataka aseme, watu wasikie."

"Kimepikwa na Leola Mazyck." Sauti yake ilikuwa imenyooka, haina chumvi wala sukari. "Naona leo Ezell amejituma mwenyewe. Nilidhani kinywa chako kilikufa. Salamu zako nimezipata, kila siku, kwa Kijerumani, kwa Kifaransa, kwa Kichina. Nikajiuliza, huyu mtu chakula changu anakisifu kwa dunia nzima, yeye mwenyewe kinamtia kinyaa?"

"Hakinitii kinyaa."

"Basi ulipita kwa nini?"

Hata Micah alikuwa ameacha kulialia. Ezell alikuwa amejitungia maneno mengi kwa miaka yote ile, ya upole na ya kupendeza, na hapo hakuliona hata moja.

"Nilikuwa nanuka," akasema.

"Nini?"

"Nilitoka kazini na viatu vya banda. Na aproni yako nyeupe hivyo, na chakula kizuri hivyo. Nikaona si heshima kukisimamia. Nikapita haraka ili nisikiharibu. Sikujua kwamba watu wananifuata mimi. Nimekuja kujua pale kwenye ngazi, nilipoona umebeba." Akaitazama suruali yake. "Leo nilioga, Leola. Uliza mtu yeyote. Nilioga mara mbili. Halafu Shemasi amenikojolea."

Palitoka kicheko kimoja, cha Mama Drayton, halafu kikazimika, kwa sababu Leola hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele juu ya meza, amefumba macho, ananusa. Ananusa kweli, polepole, kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga.

"Mwaka ule nilikusikia kabla sijakuona," akasema. "Baba yangu alilima kwa baghala maisha yake yote, kule kisiwani. Jioni alikuja kunibeba akiwa na harufu hiyohiyo, ya jasho na ngozi ya hatamu na mkojo wa mnyama, na mimi nikaweka uso hapa shingoni mwake. Tangu tumzike sikuwahi kuisikia. Nimekuja mjini, simjui mtu, nimesimama hapa na wali wangu, natetemeka, mara ikaingia mlangoni. Nikasema moyoni, aa, nimefika nyumbani." Akafumbua macho. "Halafu ukapita, Ezell."

Ezell aliinyoosha tu sahani, akaishikilia hapo.

Leola akazamisha mwiko. Hakuchota juu juu. Aliupeleka kwenye pembe ya trei, akakwangua, akatoa wali pamoja na ukoko wake, ule wa pembeni ulioiva mpaka ukawa mweusi kidogo na mtamu wa nyanya na moshi wa nyama. Ukoko huo mpishi hampi mtu asiyemjua. Akaumwaga kwenye sahani.

Ezell hakwenda kukaa. Alikula palepale amesimama, mbele ya watu wote, na watu wote wakamtazama taya zinavyokwenda. Alitafuna kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga.

"Si kama wa Arnetta," akasema hatimaye.

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Tavia akamkumbatia mwanawe. Mwiko wa Leola ulibaki hewani.

"Wa Arnetta ulikuwa na sukari kidogo. Huu una moshi. Huu ni wako." Akanyoosha sahani tena. "Niongeze. Na mwaka kesho nafasi hii wasiweke kitu kingine."

"Huyu atapewa zamu ya pili kabla sisi hatujapata ya kwanza?" Mama Drayton akafoka, akamsukuma Ezell kwa kiwiko. "Pisha huko, unanuka. Binti, hiki umekipika wewe? Niwekee. Hapana, usiniwekee kidogo kama mgonjwa, niwekee kama mtu."

Na wale wazee waliokuwa wameshapita wakaanza kurudi na sahani zao, kila mmoja anauliza swali ambalo jibu lake amelisikia, hiki kimepikwa na nani, ili tu Leola ajibu tena. Naye alijibu kila mmoja. Lucius alifika, akaacha kuziba pua ili apate kula, akasema wali huu ni wa kumwachisha mtu mke. Akaambiwa na Mama Drayton afunge mdomo aufungulie wali.

Jioni, ukumbi ulipokuwa unafagiwa, Leola alikuwa jikoni anaosha trei. Hapakuwa na cha kurudi nacho isipokuwa trei yenyewe. Ezell alisimama mlangoni, mlango wa nyuma, kwa mazoea.

"Unasimama nje kwa nini?" Leola akauliza bila kugeuka.

"Nanuka."

"Najua. Chukua kitambaa, ukaushe hii."

Akaingia. Akakausha trei, polepole, pembe kwa pembe, akisugua hata pale palipokwisha kukauka. Kupitia dirishani walimwona Tavia uani anambembeleza Micah, ambaye amepewa kipande cha ukoko na anakiguguna kwa meno yake mawili kwa bidii zote.

"Jumatatu huwa nimefunga," Leola akasema. "Jumanne niko. Ile sahani ninayobakiza, nimechoka kuila ikiwa imepoa."

"Jumanne niko kazini mpaka alasiri. Nitapitia nyumbani kwanza nioge."

Leola akafunga maji. Akajifuta mikono kwenye aproni, ambayo sasa ilikuwa na madoa mekundu ya nyanya kila mahali.

"Usipitie nyumbani," akasema. "Njoo moja kwa moja. Na viatu hivyohivyo."